Udongo Una Mwenyewe

Mtu wa kwanza kusiriba ukuta wa konde kwa saruji katika kijiji cha Beit Shuraya alikuwa Ghaliya binti Hizam, na kwa misimu miwili mizima hapakuwa na mpita njia aliyepona bila kusimamishwa autazame. Konde lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa ngazi moja tu kati ya zile ngazi nyingi zilizopandana kwenye ubavu wa mlima wa Raima, na juu yake palikuwa na mibuni aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mtama kidogo pembezoni. Ngazi iliyofuata chini yake ilikuwa konde la mirungi la Mukbil, mdogo wa marehemu. Ukuta uliosimama baina ya shemeji hawa wawili ulikuwa na kimo cha kupita watu wawili, na Ghaliya aliufunika wote, toka juu hadi chini, kwa saruji aliyoletewa na mwanawe Bassam kutoka mji wa Hudaida.

“Gonga,” alikuwa akiwaambia watu. “Gonga uone. Hapatoki hata punje.”

Watu waligonga. Ungefanyaje, na mwenyewe amekusimamia pale mkono kiunoni? Ghaliya hakuwa mtu wa kubembeleza wala kubembelezwa. Mumewe alipofariki, wazee walikuja kumshauri alikodishe konde kwa mwanamume. Akawanywesha kahawa ya maganda, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua jembe akaenda zake kulima, wao wakabaki sebuleni na vikombe mkononi. Hapo ndipo wengi walipomjua.

Siku ya mafuriko alikuwa kwa jirani yake Takiya. Mvua ilianza alasiri kama ilivyo ada yake wakati wa kiangazi, ambacho huko Raima ndicho msimu wa mvua, lakini siku hiyo iligoma kuondoka. Wanawake wale wawili walikuwa wameketi dirishani, vikombe ndivyo kwanza vimemiminwa, waliposikia mlio. Haukuwa radi. Ulitoka chini, ukapanda kupitia nyayo. Ghaliya aliweka kikombe chake juu ya sinia akatoka mbio bila hata kuvaa viatu.

Alipofika, ukuta haukuwapo. Konde halikuwapo pia. Palipokuwa na mibuni palibaki mwamba mtupu, umeoshwa ukatakata, maji yakichuruzika juu yake bila haya. Mibuni ilikuwa imelala chini kondeni kwa Mukbil, mizizi ikitazama mbinguni, na udongo wote ulikuwa umerundikana pale juu ya mirungi, tope zito jekundu. Na katikati ya tope hilo kilikuwa kimelala kifudifudi kipande kikubwa cha saruji, kizima kabisa, hakina hata ufa.

Hakuna aliyejua umri wa udongo ule. Mababu waliubeba kwa vikapu kutoka bondeni, wakaurutubisha kwa samadi na majivu, na mlima nao ukaongeza wake punje kwa punje, jua likiupasua mwamba mchana, baridi ikiupasua usiku, mizizi ikijipenyeza kwenye nyufa kumalizia kazi. Mtu anaweza kuzaliwa mlimani pale akazeeka, asione udongo umeongezeka hata kimo cha ukucha. Na sasa wote ulikuwa umeshuka, na kahawa ya Ghaliya dirishani kwa Takiya ilikuwa haijapoa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya hasara yenyewe. Hakulia. Alikasirika, akausimamia mwamba wake na miguu mitupu, akaukasirikia.

Mukbil alikuja mvua ilipokatika, shavu limevimba kwa mirungi.

“Pole, shemeji,” alisema. “Umenifukia mashina yangu.”

“Nimeona.”

“Hata hivyo mimi si mtu wa kinyongo. Niachie huo mwamba, nitajenga birika la kukingia maji. Wewe nenda Hudaida kwa Bassam ukalee wajukuu. Umri nao umekwenda.”

“Umri wangu umekuja kukuomba nini?”

“Nasema kwa wema tu. Mwamba haulimwi.”

“Nani kakwambia nalima mwamba? Nalima udongo. Huo hapo unaoukanyaga.”

Mukbil alitazama miguu yake, akacheka. “Huu umeniangukia mwenyewe, shemeji. Sikuuita.”

“Basi utunze vizuri. Naja kuuchukua.”

Mila ya huko juu iko wazi, na hata Mukbil hakuthubutu kuikana. Udongo ukimwangukia wa chini, bado ni mali ya wa juu, mpaka siku wa chini atakapopitisha plau ya ng’ombe juu yake. Plau ikishapita, maneno yamekwisha. Lakini wa juu naye hana ruhusa ya kuchukua hata kapu moja kabla hajasimamisha ukuta wa kuushikilia, kwa sababu hakuna anayekubali kurundikiwa udongo juu ya kichwa chake bila ukuta. Kwa hiyo Ghaliya alitakiwa ajenge na kubeba kabla tope halijakauka, maana ng’ombe hawaingii topeni. Mukbil yeye alihitaji jua tu, na jua la Raima baada ya mvua halihitaji kuombwa mara mbili.

Kesho yake asubuhi Sheikh Jubran, mkubwa wa kijiji, alikuja kukagua. Nusu ya kijiji ikamfuata, kama kawaida ya watu wasio na kazi palipo na msiba wa mwenzao.

“Ukuta umevunjwa na nini?” aliuliza sheikh.

Watu wakatazamana. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alikuwa ameugonga ukuta ule akausifu. Mukbil akafungua mdomo, lakini Ghaliya akamtangulia.

“Umevunjwa na mimi,” alisema. “Ukuta wa konde hupangwa mawe matupu ili maji yapate pa kutokea. Nimeyaziba. Yakajaa nyuma, yakasukuma. Marehemu baba alinifundisha tangu nikimwokotea kokoto, na nilijua, na bado nikapaka kwa sababu ilipendeza. Kuna mwenye swali?”

Mukbil, aliyekuwa ameyaandaa maneno hayo hayo tangu jana, ilibidi ayameze na mate ya mirungi.

Mzee Hizam hakujaliwa mtoto wa kiume, ndiyo maana ufundi wake wa kuta ulimwangukia Ghaliya. Sasa Ghaliya alipiga moyo konde akaanza upya. Alichimbua mawe topeni moja moja, na Takiya akiyapandisha kwa punda. Makubwa aliyakalisha juu ya mwamba wenyewe, kisha kila jiwe likalalia mawili, ukuta ukiegemea mlima kidogo, na nyuma yake akajaza kokoto ili maji yapite. Hakutumia hata konzi moja ya saruji. Bassam alipopiga simu kusema ataleta mifuko mingine, mama yake alimwambia ailete tu, itafaa kukalia.

Tatizo lilikuwa muda. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni tope lilipoanza kufanya ngozi, na Mukbil, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuonekana na jembe kabla ya jua kupanda, sasa alikuwa akidamka kuchimba vijifereji vya kulikausha haraka. Alikuwa akiimba. Ghaliya alimsikia toka juu, akaendelea kupanga mawe, na mishipa ya shingo imemsimama.

Kisha zamu yake ya maji ikafika. Kila nyumba pale kijijini ina zamu yake kwenye birika kuu, na Ghaliya alikuwa na mibuni michache iliyosalia, ile ya nyuma ya nyumba, majani yake yameshaanza kunyauka. Yote ilikuwa ikiisubiri zamu hiyo. Ghaliya alizibua mfereji, akayatazama maji yakija, akayapitisha mlangoni kwake bila kuyageuza, akayapeleka mpaka chini akayamwaga yote juu ya tope la kondeni kwa Mukbil.

Kabla ya adhuhuri Mukbil alikuwa kwa sheikh, anatweta.

“Sheikh, huyu mwanamke ananimwagilia konde.”

Sheikh Jubran alikuwa amejilaza kwenye mto wake, macho nusu yamefumba. “Anakumwagilia kwa maji yako?”

“Ya kwake.”

“Zamu ilikuwa ya nani?”

“Yake.”

“Sasa umepanda mpaka hapa kumshtaki mtu aliyekunyweshea konde lako bure?”

Waliokuwapo wakaangua kicheko. Mukbil akawa mwekundu. “Anafanya makusudi, sheikh. Hataki tope likauke.”

Sheikh akamgeukia Ghaliya, aliyekuwa amesimama mlangoni na matope mpaka magotini. “Binti Hizam, ni kweli?”

“Kweli tupu,” alisema Ghaliya. “Na kama kuna mwenye zamu ya ziada, namwomba anipe nikamwongezee.”

“Mila imekataza kuchukua udongo bila ukuta,” alisema sheikh baada ya kufikiri, “na imekataza plau kuingia topeni. Maji haikuyataja. Nendeni zenu, mnanikatia utamu wa usingizi.”

Mibuni ya nyuma ya nyumba haikumsamehe. Ilipukutisha majani, na kabla ya mwezi kuandama ilikuwa kuni. Ghaliya alipita karibu nayo kila asubuhi akiwa amegeuzia uso upande wa pili, na Takiya, aliyeliona hilo, alijua kwamba huyu mwenzake jeuri yake ilikuwa na gharama, na kwamba aliilipa akiwa peke yake.

Siku ukuta ulipofika kimo chake, sheikh akautikisa kwa mkono, akaukubali. Hapo ikaanza kazi ya kubeba. Na udongo wa kubeba ulikuwa tope, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyelilowesha, na tope ni zito mara mbili ya udongo mkavu. Walilibeba kwa makapu ya mpira wa matairi, wakalipandisha kwa kijia cha pembeni kinachoteleza, Ghaliya na Takiya na punda, halafu wanawake wengine wa kijiji waliomaliza kazi zao wakaanza kujitokeza, mmoja na kapu lake, mwingine na ndoo. Hakuna aliyewaita. Walisema wamekuja kunyoosha mgongo, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa kazi ile. Usiku Ghaliya alikuwa akila asida, yaani ugali wa mtama, na mchuzi wa uwatu akiwa amelala ubavu, kwa sababu kuketi hakuwezekani.

Lakini jua ni jua. Asubuhi moja Mukbil alikanyaga kondeni mwake, kiatu hakikuzama, akatabasamu akaenda kufungua ng’ombe. Aliporudi na plau, udongo uliokuwa umepanda ulikuwa haujafika nusu.

“Nimesubiri vya kutosha, shemeji,” alisema. “Mila ni mila.”

Wanawake wakasimama na makapu yao. Takiya alitaka kulala mbele ya ng’ombe, na alikwisha anza kukunja nguo, Ghaliya akamzuia kwa mkono.

“Mila ni mila,” alisema Ghaliya. “Nipe tu nimalizie kapu nililolianza.”

“Malizia.”

Alilimalizia taratibu. Alijaza, akashindilia kwa ngumi, akajaza tena, akashindilia kwa magoti. Ng’ombe walianza kusinzia.

“Kapu gani hilo lisilojaa?” aliuliza Mukbil.

“Tairi la lori,” alijibu Ghaliya. “Ulitaka nilete la baiskeli?”

Hata Mukbil alicheka, kwa bahati mbaya. Kisha akapiga fimbo, plau ikapita, na udongo uliobaki ukawa wake kihalali mbele ya mashahidi. Ghaliya alisimama akaitazama mifereji ya plau ikifunguka mpaka wa mwisho. Ukweli ni kwamba aliumia kuliko siku ya mafuriko yenyewe, kwa sababu safari hii aliona kwa macho yake.

Alichokuwa nacho juu, ukikisawazisha, kilifika kifundo cha mguu. Mbuni hauwezi kusimama hapo. Mizizi yake ingegonga mwamba kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Aliongeza samadi, majivu, makapi, hata taka za kufagia uani, na bado kifundo kilibaki kifundo. Watu waliokuwa wakimhimiza wakaanza kumshauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: Umefanya uwezalo, sasa muuzie Mukbil.

Pembeni mwa konde lake ulipita mkondo wa mafuriko, ule unaoshuka toka malishoni juu kabisa ya mlima, na kila mvua kubwa ulikuwa ukibeba udongo wa huko na kuutupa bondeni, mwekundu, mzito. Wote waliuogopa mkondo ule na kuukingia mawe. Mvua zikaisha, mwaka mwingine ukaingia, na Ghaliya alikaa kando yake siku nyingi, akiutazama ulivyo mkavu, kisha akaenda kwa sheikh kusema anataka kuufungulia mlango uingie kondeni kwake.

Baraza zima lilidhani limesikia vibaya.

“Mwaka jana mkondo huo umekuvunjia ukuta,” alisema sheikh. “Sasa unataka kuukaribisha?”

“Mwaka jana nilimzibia mgeni huyu njia ya kutokea. Mwaka huu ataingia, atatua mzigo wake, atatoka kwenye matundu ya ukuta. Mzigo ndio ninaoutaka.”

“Na mimi niliye chini?” aliruka Mukbil. “Sheikh, huyu anachezea maisha ya watu. Sikatai afungue. Lakini aseme hapa mbele yenu: ukuta ukianguka tena, udongo na mwamba wote ni wangu, na yeye anashika njia ya Hudaida.”

Takiya, aliyekuwa upande wa wanawake, alimvuta Ghaliya nguo. “Mama Bassam, usiseme kitu. Twende nyumbani.”

“Nakubali,” alisema Ghaliya.

“Umerogwa?” Takiya alimnong’oneza kwa hasira.

“Sijarogwa. Nimechoka kushauriwa.”

Mvua kubwa ilikuja mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huo. Wingu lilipotanda, watu waliingiza mbuzi na kufunga milango. Ghaliya alitoka na jembe. Mkondo uliposhuka toka malishoni ukinguruma, alisubiri maji ya kwanza yapite, yale yenye magogo na mawe, kisha akapiga jembe kwenye tuta lililoutenga mkondo na konde lake. Alipiga mara chache tu. Maji yenyewe yakamalizia, yakamiminika kondeni mekundu na mazito, yakajaa toka mwamba wa nyuma mpaka ukingo wa ukuta, yakapanda, yakabaki shubiri moja tu yamwagike. Hapo Ghaliya alirudishia tuta kwa mawe, akaenda akasimama mwisho wa ukuta wake.

Kijiji chote kilikuwa juu ya mapaa, kimelowa. Mukbil alikuwa chini, pembeni mwa konde lake, ameshika kichwa.

“Toboa,” alipiga kelele. “Toboa upande ule yatoke. Mwanamke, ukuta unalia.”

Na kweli ulikuwa unalia. Mawe yalikuwa yakisagana ndani kwa ndani, yakijikalisha sawa chini ya uzito. Jiwe moja la juu likachomoka likaanguka. Takiya alifunika uso kwa mtandio. Ghaliya hakusogea. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ukuta, midomo inamcheza, na kama alikuwa akiomba dua au akitukana, hakuna aliyejua.

Tone la kwanza lilitokea karibu na miguu ya Mukbil, katikati ya mawe mawili. Likafuatwa na jingine, kisha mchirizi, kisha ukuta mzima ukawa unatoka jasho toka kiunoni kwenda chini. Mukbil alikinga kiganja. Akayatazama maji yale kwa muda mrefu, akayanusa, akayaonja. Yalikuwa maangavu, hayana hata chembe.

“Kunywa, shemeji,” Ghaliya alimwambia toka juu. “Maji chukua yote. Udongo una mwenyewe.”

Mukbil alisimama pale akilowa, na maji safi yakiteremka mpaka kwenye mirungi yake, mpaka konde zima lilipokwisha kuchujwa na kilichobaki juu kikawa tope linalong’aa, laini, limetanda sawasawa toka ncha hadi ncha.

Watu wakashuka mapaani wakaja. Ghaliya hakuwangoja. Alikunja nguo, akaingia kondeni. Hatua ya kwanza alizama kupita kifundo, ya pili akafika katikati ya muundi, na alipofika katikati ya konde akazama mpaka magotini, akanasa. Alijaribu kuvuta mguu mmoja ukakataa, akajaribu wa pili ukakataa. Takiya alivua viatu, akamnyoshea mkono, na wanawake wengine wakamshika Takiya kiunoni wamvute.

“Nipe mkono, Mama Bassam. Nipe mkono tukutoe.”

Ghaliya aliitazama miguu yake ilivyopotea. Mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia, kumbe anacheka.

“Niacheni,” alisema. “Niacheni nizame kwanza.”